Uso Bora Kuliko Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili leo. Mambo makubwa yanaanza, na mambo makubwa yakikosa mwandishi husimuliwa na maadui.

Metroni wa hospitali amenipa kazi! Mimi! Picha za vitambulisho vya wafanyakazi wote, watu sitini na mmoja. Kuanzia Ijumaa hakuna kupita getini bila kadi yenye picha. Amri imetoka juu. Nipige Jumatano, nikabidhi kadi Alhamisi. Nikifaulu, kila mfanyakazi mpya na kila mwanafunzi wa uuguzi atapita mikononi mwangu kwa miaka mitatu. Miaka mitatu!

Nimemwambia mke wangu. Sikupata vigelegele. Ameweka cherehani pembeni, amekunja mikono, akaniangalia mpaka nikaanza kujikuna. Amesema hii ndiyo ya mwisho. Yeye anashona mchana kutwa, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasubiri wateja ambao hawaji. Kazi hii ikiharibika nafunga studio na naenda kuajiriwa na mdogo wake.

Mdogo wake! Shemeji yangu! Ana studio mtaa wa pili, na watu wanamwita Mwavuli kwa ajili ya ile miavuli myeupe anayotawanyia taa. Nafasi aliyonayo kwangu ni moja tu: kushika mwavuli. Kijana yule nilimfundisha mimi, alikuwa hajui kamera inatazama kwa upande gani. Leo nimshikie mwavuli mbele za watu? Heri ardhi ipasuke.

Nimekubali masharti. Nimempa mke wangu mkono kabisa. Mwanamume hashindwi na kazi aliyoizoea.

Halafu, angalia riziki inavyobisha hodi. Simu imeleta ujumbe: toleo jipya lipo. Mimi hupiga kwa simu tangu kamera yangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya rangi (lawama si zangu). Ujumbe unasema kamera itaona vizuri zaidi, na kuna kitu kipya kinaitwa Uso Bora, ili kila mtu apendeze kila mara. Mwavuli ana kamera ya kilo mbili. Mimi nitakuwa na Uso Bora. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi

Saa mbili asubuhi nimebonyeza Sakinisha. Simu ikajibu nafasi haitoshi, nipunguze vitu. Nikafuta picha mia moja na kumi na mbili za mama mkwe, zote amekaa kwenye kiti kilekile. Bado. Nikafuta video ya kumfundisha mtu kupika wali. Bado. Nikafuta programu ya kunihesabia hatua, maana hatua zenyewe sizipigi. Ikakubali.

Ikaenda mbio mpaka asilimia sabini na tisa. Ikakaa hapo.

Saa tatu wateja wawili wakaingia, picha za pasipoti. Wawili kwa mpigo! Nikawaambia wakae, dakika mbili. Saa nne wa kwanza akaniuliza dakika zangu zina ukubwa gani. Saa tano akaondoka kwenda kwa Mwavuli. Wa pili akasema yeye si mtu wa kuhamahama, atavumilia. Akavumilia robo saa. Nimewaona wote wawili kupitia dirishani, wanarudi na bahasha, wanacheka.

Saa saba simu ikawaka, ikaniambia "Karibu!" kana kwamba mimi ndiye mgeni. Na kweli nilikuwa mgeni. Hakuna kilichokuwa mahali pake! Kitufe cha kamera kimehamia kushoto chini. Saa ya kuamsha iko ndani ya kifuko kinachoitwa Maisha. Maandishi yamekuwa madogo kama chawa. Mahali ilipokuwa tochi sasa kuna jina la mwenye nyumba. Nimempigia mara tatu bila kukusudia, mtu ambaye nilikuwa namkwepa tangu mwezi jana. Mara ya tatu amesema anashukuru kwa moyo wangu wa kumkumbuka, na kwamba atapita.

Lakini kamera! Nimejipiga mwenyewe. Salale! Kijana mtanashati, macho maangavu, ngozi imenyooka. Nilijua studio yangu ina mwanga mzuri, watu ndio hawajui.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi. Hakuna neno jingine.

Nimetundika shuka jeupe kwenye ukuta wa korido, karibu na stoo ya dawa. Foleni imenyooka. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa chumba cha kufulia, wote wanamwita Mama Povu, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Mikono imekauka kwa sabuni, uso umejaa makunyanzi ya kucheka. Nikapiga. Nikamwonyesha.

Akaishika simu kwa mikono miwili. Kisha akasema hana picha hata moja ya ujana wake, kwao hapakuwa na kamera. Watoto wake hawajui kama aliwahi kuwa msichana. Akafuta machozi kwa kanga ya kichwani, akaniita mwanangu.

Baada ya hapo korido ililipuka. Wauguzi wakarudi foleni mara ya pili. Mpishi alibusu kioo cha simu, nikaifuta mafuta. Mlinzi wa geti, mwanajeshi mstaafu anayeitwa Kamanda, alisimama wima zaidi alipoondoka. Metroni peke yake hakuziona, alikuwa na wagonjwa; amesema kadi nizigawe mwenyewe kesho.

Jioni nilipokuwa natoa kadi kwenye printa, Mwavuli akapita. Amechukua kadi moja, akaitazama, akachukua ya pili. Akaniuliza kwa upole, shemeji, hawa ni wafanyakazi au ni watoto wao? Nikamwambia wivu hauna dawa hospitalini.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze getini.

Nilikwenda saa moja asubuhi kuona kazi yangu ikipita. Nilivaa shati la mikono mirefu. Kamanda alikuwa ameshaagizwa: linganisha sura na kadi, visipofanana mtu asiingie. Na Kamanda akipewa amri haitafsiri, anaitekeleza.

Mama Povu wa kwanza. Kamanda akatazama kadi, akamtazama, akarudi kwenye kadi. Akamwambia kwa heshima zote kwamba kadi ya binti yake amrudishie binti yake. Mama Povu akasema huyo ni yeye. Kamanda akasema hata yeye angependa iwe hivyo.

Akaja daktari wa upasuaji. Kwenye kadi ana miaka ishirini na mbili, hana mvi hata moja. Kamanda akamuuliza shule alimaliza lini. Daktari akapaza sauti. Kamanda akamwonyesha benchi.

Kufikia saa mbili na nusu watu arobaini walikuwa nje. Wagonjwa walikuwa wanaingia, maana wao hawadaiwi kadi, lakini ndani hapakuwa na mtu wa kuwapokea isipokuwa waliobaki wa zamu ya usiku. Mpishi akachoka. Akamwambia Kamanda, na wewe toa yako.

Kamanda akaitoa mfukoni. Akaitazama muda mrefu. Akaomba kioo kwa muuguzi mmoja, akajitazama, akatazama kadi. Halafu akafungua geti, akatoka nje, akalifunga, akasimama pamoja nasi. Amri ni amri, akasema. Huyu kwenye kadi simjui.

Nilitaka kuondoka taratibu. Mama Povu ndiye aliyenishika mkono, si kwa ubaya, alitaka kunisalimu.

Metroni alikuja kulifungua geti mwenyewe, watu wapite kwa orodha ya majina mpaka kadi mpya zitoke, kisha akanipokea ofisini akiwa na mkasi. Wakati anazungumza alikuwa anakata kadi vipande viwili, moja baada ya nyingine, na hakupandisha sauti hata mara moja. Heri angefoka. Alisema yeye hakuniagiza malaika, aliniagiza wafanyakazi. Amenipa nafasi moja. Jumanne saa mbili asubuhi nirudie, sura za kweli, niwe nimemaliza saa nne. Saa nne ikipita kazi inakwenda kwa yule kijana wa miavuli, namba yake anayo.

Kadi ya Mama Povu aliikata kwa mkato mmoja. Niliumia kama nimekatwa mimi.

Sawa. Nimejua adui ni nani. Adui ni Uso Bora. Kwanza tulikuwa marafiki, sasa ni vita, kufa na kupona.

Jumamosi, 8 Machi

Tangu saa moja asubuhi natafuta kitufe cha kuuzima. Nimeingia Mipangilio. Ndani ya Mipangilio kuna Maonyesho. Ndani ya Maonyesho kuna Ustawi. Ndani ya Ustawi kuna Zaidi. Nimebonyeza Zaidi, nikajikuta kwenye Mipangilio. Nimezunguka hivyo mara nne. Nimeiuliza simu kwa sauti, maana sasa eti inasikia. Nimeiambia, zima Uso Bora. Ikajibu samahani haijanielewa, je, ningependa kupendeza zaidi?

Nimekwenda kwa Bisibisi, fundi simu wa mlango wa tatu, anayeongea huku ameng'ata bisibisi. Amesema kitufe hakipo. Waliotengeneza wamesahau, au wamegoma. Anaweza kuirudisha simu kwenye toleo la zamani, lakini kila kilichomo kitafutika. Kisha akasema njia rahisi ni kuazima kamera ya shemeji yangu kwa saa mbili, si ni ndugu? Nikamwambia kuna ushauri ambao mtu mzima hapewi.

Nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki nikafikiri. Na fikra ikaja, safi kabisa.

Uso Bora unapunguza. Basi mimi niongeze! Unaondoa miaka ishirini. Nikimwongezea mtu miaka ishirini kabla ya kupiga, atatoka kama alivyo. Hesabu ya darasa la pili. Nashangaa waliosoma hawajaliona hili.

Nimechukua penseli ya wanja ya mke wangu. Nimejichora makunyanzi sita kwenye paji, mifuko chini ya macho, mifereji miwili mdomoni. Nimepiga. Nimetoka mimi! Mimi mwenyewe, arobaini na sita na ushee!

Lakini mtu mmoja si ushahidi. Nikahitaji uso wa kike. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kochi, usingizi mzito wa baada ya kufua. Nikapiga magoti. Nimemchora kwa upendo, mistari minne juu, miwili kando ya mdomo, na kidogo chini ya kidevu. Nikapiga. Kweli tupu! Mke wangu yule yule ninayemjua!

Furaha ilinitoa mlangoni mbio. Nikaenda kumwonyesha Bisibisi. Bisibisi mbishi. Tumebishana karibu saa nzima, nikamshinda.

Niliporudi kochi lilikuwa tupu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa studio. Nyumbani pana baridi.

Kilichotokea ni hiki. Wenzake walimpitia mbio mbio, akaamka, akajifunga kitambaa, akaenda nao kwenye kikao cha kikundi chao cha akina mama. Kioo hakujitazama, muda ulikuwa umekwisha. Na jana ndiyo ilikuwa siku ya kumchagua mwenyekiti. Alikuwa amejiandaa wiki tatu. Kura zilikuwa zake.

Akasimama mbele, akahutubia kwa dakika kumi. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Waliangaliana. Walidhani ni ugonjwa. Mmoja akamletea kiti, mwingine maji. Mwishowe wakamchagua mwanamke mwingine, wakasema yeye wanampunguzia mzigo apumzike, afya kwanza. Wakamwombea.

Ameligundua kwenye kioo cha duka wakati wa kurudi.

Hakupiga kelele. Ameweka penseli ya wanja mezani mbele yangu, akasema neno moja: Jumanne. Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Nimeona haya. Naandika hapa kwa sababu daftari halicheki. Yule mwanamke ameng'ang'ana na mimi miaka kumi na tisa, na mimi nimemkosesha uenyekiti kwa mistari saba.

Ingawa hesabu ilikuwa sahihi. Hilo lazima lisemwe.

Jumatatu, 10 Machi

Bado sijashindwa. Asubuhi nimempelekea Bisibisi simu, nikamwambia irudishe ilivyokuwa, liwalo na liwe. Saa mbili baadaye nimeipata imefutika yote, nyepesi kama siku niliyoinunua. Kitufe cha kamera kulia. Tochi mahali pa tochi. Nimempiga Bisibisi picha ya majaribio: kovu lipo, jino lililovunjika lipo. Amenuna. Nimemkumbatia.

Uso Bora umekufa! Kesho Metroni atajua mimi ni nani.

Sasa sikiliza maajabu. Nimefika studio saa sita na kukuta watu mlangoni. Kumi na nne! Nimewahesabu mara mbili. Sijawahi kuona watu kumi na nne mlangoni pangu tangu siku moto ulipowaka kwa jirani. Habari zimetembea mji mzima: kuna mpiga picha anayerudisha ujana. Walikuwamo wauguzi watatu, mpishi na dada zake, na wazee wawili wanaotaka kuoa.

Nikawapiga. Tayari nilikuwa nimeapa kwamba ni sura za kweli tu, na simu yenyewe haina uwezo mwingine. Mpishi akaitazama picha yake, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni yeye, Uso Bora nimeuua kwa mkono wangu. Nilitegemea anipongeze. Dada yake mkubwa akasema uso huo anao nyumbani kwenye kioo, tena bure. Wakatoka mmoja mmoja. Mzee wa mwisho alinitazama kwa huruma, akafunga mlango polepole.

Watu kumi na nne. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki mpaka jua likahama dirishani. Laiti ningekawia siku moja! Lakini hapana. Hospitali kwanza. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi sitaponyokwa.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, bila kutia chumvi, ili nisije nikasingiziwa.

Saa mbili kamili nilikuwa koridoni. Shuka limenyooka. Metroni amesimama kando, saa mkononi. Nimeanza na Kamanda. Akatoka Kamanda! Akaitazama picha, akanipigia saluti. Nikapiga wauguzi, nikapiga daktari wa upasuaji na mvi zake zote. Watu tisa kwa robo saa. Metroni akaangalia kioo cha simu, akaitikia kwa kichwa. Niliona miaka mitatu mbele yangu. Nilimwona mke wangu akifungua ule mlango.

Wa kumi alikuwa Mama Povu.

Alinisogelea akaongea chini chini. Hii ya kweli nipige, akasema, kazi ni kazi. Lakini je, ile nyingine haipo hata moja iliyobaki? Wajukuu wanakuja mwisho wa mwezi. Alitaka waione mara moja tu.

Nilimwambia imefutika. Akasema haidhuru mwanangu, akarekebisha kilemba, akajiweka sawa mbele ya shuka.

Na hapo, wakati ule ule, simu ikalia. Toleo jipya. Nikasoma. Naapa hivi ndivyo lilivyosema: kufuatia malalamiko, Uso Bora sasa unaweza kuwashwa na kuzimwa upendavyo. Muda wa kusakinisha: dakika nane.

Kuwashwa na kuzimwa! Yaani getini sura ya kweli, nyumbani sura ya ujana! Mama Povu apate picha yake. Wale kumi na nne warudi. Kila mtu apate mbili mbili. Metroni mwenyewe angekuja kwa siri, angekuja tu! Nilitazama saa. Saa mbili na robo. Nilibakiza saa moja na dakika arobaini na tano, na dakika nane nyumbani kwetu hata chai haijachemka.

Nikabonyeza.

Saa mbili na dakika ishirini na tatu simu ikazima, ikawaka, ikaandika: inaboresha programu ya kwanza kati ya mia moja arobaini na tatu. Nilimtabasamia Metroni. Ya pili kati ya mia moja arobaini na tatu. Nikasimulia hadithi ya kuwachangamsha watu. Ya sita. Watu wakaanza kukaa sakafuni. Saa tatu, ya thelathini na moja. Daktari mmoja akaniuliza kwa nini sikungoja nimalize kwanza, watu hamsini na wawili tu. Nikamwambia haya si mambo ya mtu aliyevaa koti jeupe. Saa tatu na nusu simu ikawa ya moto, nikaipepea kwa daftari hili.

Saa nne kamili Metroni akatoa simu yake. Yake ilikuwa ndogo ya vibonyezo. Ikafanya kazi mara moja.

Mwavuli alifika kwa dakika kumi. Peke yake. Msaidizi wake ameumwa. Akatandaza vitu vyake, akatazama huku na huku, kisha akanijia. Nilitaka anicheke, nipate sababu ya kugombana naye. Hakunicheka. Alisema, shemeji, naomba unisaidie kidogo, mkono mmoja hautoshi.

Nikashika mwavuli.

Nimeushika mbele ya watu sitini na mmoja. Mpishi aligeuza uso ili nisimwone anavyonihurumia. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile, hata shuleni.

Zamu ya Mama Povu ikafika. Mwavuli akaniambia niusogeze kushoto, nishushe, nishushe tena, basi hapo. Taa ikamwangukia yule mama taratibu. Mwavuli akamwambia kitu kuhusu sabuni, sijui nini, mama akacheka. Akapiga.

Alipomwonyesha, mama aliitazama zaidi kuliko alivyoitazama ile ya kwanza. Makunyanzi yote yalikuwepo, hata moja halikupungua. Akasema, aa, sasa huyu wajukuu watamjua. Akaomba nakala ya nyumbani.

Simu yangu iliwaka mfukoni tukiwa kwenye mtu wa hamsini na nane. Nilisikia ikisema "Karibu!" Sikuweza kuitoa. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mwavuli.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya tatu kwa shemeji. Studio yangu nimeifunga, kiti cha plastiki nimemwachia Bisibisi. Mke wangu anaongea nami tena. Juzi amenishonea aproni yenye mifuko mikubwa ya kuwekea betri, na jana alinikatia kipande cha nyama kikubwa kuliko vya wengine. Mwavuli ananiheshimu, hata kiti alinipa cha mbao. Watu wanadhani nimevunjika. Sijavunjika. Nimejifunza.

Nimekaa nikapitia vita vyote tangu mwanzo, bila kujipendelea, na kosa langu nimeliona. Lilikuwa moja tu: nilisasisha watu wakiwa wanatazama. Kusasisha kunataka faragha na utulivu. Kumbe ni hivyo tu!

Na sasa angalia. Hii kamera kubwa ya shemeji, ile ya kilo mbili, ina alama nyekundu pembeni mwa kioo. Nimemuuliza jana ni ya nini. Akasema ni toleo jipya, inamkumbusha tangu mwaka juzi, na yeye haigusi kwa sababu kamera inafanya kazi. Tangu mwaka juzi! Kijana ana kipaji, lakini usimamizi hana. Hapo ndipo anapohitaji mtu mzima.

Leo mchana ametoka kwenda kuukagua ukumbi wa harusi ya kesho. Ni harusi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Bibi harusi ni binti wa Metroni. Ameniachia kazi moja, nichaji betri. Amesema kingine chochote nisiguse, akasema mara mbili.

Niko peke yangu. Pametulia. Hakuna anayetazama.

Nimeunganisha kamera na kompyuta. Kompyuta ikasema yenyewe kwanza inataka toleo jipya, nikairuhusu, haki yake. Sasa zote mbili zinakwenda pamoja. Kamera imeandika isizimwe kwa hali yoyote na betri iwe imejaa. Betri haijajaa, nilikuwa bado sijafika huko, lakini mstari wake wa mwisho wa chaji bado unawaka.

Imefika asilimia kumi na moja. Shemeji anarudi saa kumi. Nimempigia nikamwambia asiharakishe, aukague ukumbi vizuri, huku kazi inakwenda.